Kula Gizani kwa Kulipia

Mtu wa Nyansiongo, kule Gusii, akifika Nairobi mara ya kwanza hula alichozoea. Basi la usiku humshusha kabla jiji halijaamka vizuri, naye hutafuta kibandaski chenye chai ya maziwa na chapati, akala haraka huku mguu mmoja umekanyaga mkanda wa begi, kisha akaenda kwenye shughuli iliyomleta: mahojiano ya kazi, mgonjwa, karo, kesi ya shamba. Sura hii haikuandikwa kwa safari hiyo. Ni ya safari ya tatu au ya nne, ile ambayo mpwa aliyepata kazi Westlands hukupokea na kukwambia, "Mjomba, leo hatuli ugali. Leo nakupeleka mahali hujawahi kuona."

Usimkatalie. Ila ujue mapema kwamba watu hawashangazwi na vitu vilevile. Kuta za udongo, vibuyu vilivyoning'inizwa, taa ya mafuta mezani: wapo wakazi wa jiji wanaolipa pesa nzuri kuketi katikati ya vitu ambavyo nyanya yako alivitupa siku alipoezeka mabati. Wao wanapumua kwa furaha, wanapiga picha. Wewe unawaza ni nani atakayefagia hayo masizi.

Kwa hiyo nimejiwekea kipimo, na nitakitumia katika sura yote. Nikiingia kwenye mgahawa wa namna hii hujiuliza: tukiondoa mapambo ya ukutani, tukazima muziki, tukawavua weita mavazi ya maonyesho, kitabaki nini? Kuna migahawa inayobaki chumba kitupu chenye chipsi baridi. Kuna mingine inayobaki kama ilivyokuwa, kwa sababu kinachokuvuta kimo jikoni, au kwenye ardhi inayokalia, au kwa watu wanaokuletea sahani. Ya kwanza uiendee mara moja, upige picha, basi. Ya pili ndiyo ya kurudia.

Mchezo wenyewe wa kupamba migahawa una umri. Katika miaka ya 1890, mtaa wa Montmartre jijini Paris ulikuwa na kilabu kilichoitwa Cabaret du Néant, ambacho wateja wake walikunywa pombe juu ya majeneza yaliyogeuzwa meza, wakihudumiwa na watu waliovaa kama wazishi. Katika mtaa huohuo palikuwa na kilabu cha Jehanamu ambacho uliingia kwa kupitia kinywa cha zimwi, na kingine cha Mbinguni. Watu walipanga foleni. Mwaka 1971 London ikapata Hard Rock Cafe, ambako magitaa ya wanamuziki maarufu hutundikwa ukutani na chakula ni mkate wa nyama ambao ungeupata popote. Kwa kipimo changu Hard Rock ni ukuta mtupu, lakini umeenea dunia nzima, jambo linaloonyesha kwamba wengi hawana haja na kipimo changu.

Kwa Nairobi, safari huanzia Carnivore, kule Langata. Ilifunguliwa mwaka 1980 na kampuni ya Tamarind, na iliwahi kuingia kwenye orodha ya migahawa 50 bora duniani. Ukiingia tu unakutana na jiko kubwa la makaa la mviringo, nyama zimechomekwa kwenye sime za Kimaasai, mafuta yanadondoka na moshi unakupokea kabla ya weita. Hakuna kuagiza. Unaketi, unaletewa trei ya ngazi mbili yenye michuzi na kachumbari, na juu yake imechomekwa bendera ndogo. Maadamu bendera imesimama, wachongaji wanakuja mmoja baada ya mwingine na sime zao: ng'ombe, kondoo, nguruwe, kuku, kisha vile visivyo vya kawaida. Ukishindwa, unailaza. Mzee mmoja wa kwetu aliyepelekwa pale na wanawe aliiona bendera mezani akauliza ni ya chama gani. Alipoelezwa, alikataa katakata kuilaza. Kwao alikozaliwa, kumwambia mwenye nyumba umeshindwa ilhali nyama bado ipo ni kumtukana, na hakuona kwa nini Langata iwe tofauti.

Sifa ya Carnivore ya zamani ilitokana na pundamilia, kongoni, hata twiga. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini mashamba makubwa ya binafsi yalipewa vibali vya kupunguza wanyama, na nyama hiyo ndiyo iliyofika kwenye zile sime. Mwaka 2004 biashara hiyo nayo ikafungwa. Wengi walidhani mgahawa umekwisha, maana jina lake lote lilisimama juu ya wanyama wa porini. Ukabaki na mamba na mbuni wanaofugwa, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba kivutio hakikuwa pundamilia. Kilikuwa lile jiko na ule utaratibu wa nyama kukufuata ulipo. Mamba, kwa ushauri wangu, umwonje ili ukasimulie. Halafu urudi kwa kondoo kama mtu mwenye akili.

Usitoke bila kinywaji wanachokiita dawa: vodka, ndimu na asali inayokorogwa kwa kijiti. Walokole waombe isiyo na vodka. Ni ndimu na asali, na kwa mafua ya Julai inafaa kuliko ile yenye jina.

Sasa lile la giza. Mwaka 1999 ulifunguliwa Zurich, Uswisi, mgahawa uitwao blindekuh, ambako mteja hula katika giza totoro na anayemhudumia ni mtu asiyeona. Mwaka 2004 Paris ikapata wake, Dans le Noir, ambao ulizaa matawi katika miji mingine, na Nairobi ikawa mmojawapo, ndani ya hoteli ya Eka kwenye Barabara ya Mombasa. Utaratibu wa migahawa hiyo ni huu: simu, saa inayong'aa na kila chenye mwanga unaviacha nje. Unashika bega la anayekuhudumia, anakuongoza hadi kwenye kiti, anakuonyesha kwa mkono wako ilipo glasi. Huambiwi unakula nini mpaka umalize.

Nilipowasimulia watu wa nyumbani, walicheka hadi machozi. Kula gizani Nyansiongo hakuhitaji kuhifadhi nafasi wala kulipia mapema. Mvua ikinyesha na upepo ukivuma kidogo, umeme unakwenda wenyewe, mboga zinapatikana kwa mkono na hakuna aliyewahi kupeleka kijiko puani. Lakini kicheko hicho kinakosa shabaha. Giza la nyumbani limetushika sote sawa, anayepakua na anayekula. Giza la kulipia linampindua mteja. Meneja wa benki ambaye barabarani angempita asiyeona bila kumtazama, sasa amemng'ang'ania bega na hathubutu kwenda chooni bila yeye. Anayejua njia ni mmoja tu, na ndiye aliyeajiriwa. Washa taa uone kama mgahawa huo umebaki: chumba cha kawaida, viti vya kawaida, na mtu ambaye ujuzi wake haukutegemea taa tangu mwanzo. Huo umepita kipimo, tena kwa alama za juu.

Jamaa wa karibu wa wazo hilo ni Pallet Café, Lavington. Jina limetokana na mbao za kubebea mizigo ambazo ndizo zilizotengenezwa meza na viti vyake, na ukiishia hapo utasema ni mapambo tu, kwa kuwa kuna vijana wengi Nairobi wanaogonga mbao hizo na kuziita mtindo. Kaa kwanza. Weita wengi pale ni viziwi. Menyu ina michoro ya ishara, na mteja anayetaka maji au anayetaka kushukuru anajifunza kwa mikono yake mwenyewe, kwa aibu mwanzoni, halafu kwa furaha ya mtoto. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ni Wakenya wangapi wanaojua hata neno moja la lugha hiyo ya Bunge lao? Mimi nilijifunza la kwanza kwa sababu ya juisi ya maembe. Bustani yake ni tulivu, watoto wanakimbia, na chakula ni cha kawaida cha mkahawa wa Nairobi, kizuri bila makuu. Nenda siku ya kazi. Jumamosi utasubiri meza.

Roboti nazo zimefika. Mwaka 2024 mgahawa mmoja wa Kileleshwa ulianza kutumia roboti tatu kubeba vyakula kutoka jikoni hadi mezani, zikiwa na trei tumboni na sauti ya kike inayokukaribisha. Watoto wanazipenda kupita kiasi. Lakini roboti inasimama pembeni ya meza na kungoja. Sahani huichukui mwenyewe; sharti weita wa damu na nyama aje aitoe na kukuwekea. Kwa hiyo ni mkokoteni wenye adabu. Mpwa wangu ananiambia nimezeeka.

Ukipata likizo ndefu, Pwani inakusubiri, na huko mwenye mgahawa hakuhitaji kubuni sana kwa kuwa bahari ilikwisha kufanya kazi. Diani kuna Ali Barbour's, uliofunguliwa mwaka 1983 ndani ya pango la matumbawe linalokadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 120,000 na 180,000. Unashuka ngazi, unaketi chini ya ardhi, na juu ya kichwa chako dari ya mwamba ina tundu kubwa ambalo nyota zinaonekana. Zanzibar, pale Michamvi Pingwe, kuna The Rock, kibanda kilichojengwa juu ya mwamba mmoja ndani ya maji: bahari ikitoka unakifikia kwa miguu, ikijaa unaletewa mtumbwi. Huwezi kuiga hayo ukiwa na jengo la ghorofa Upper Hill. Samaki wake ni ghali, na samaki huyohuyo utampata kwa bei ya haki Forodhani, mjini Zanzibar, jioni, lakini huko utakuwa umesimama.

Turudi Nairobi, upande wa Karen, kwenye jambo linalonikera kidogo.

Kuna aina ya mgahawa jijini inayouza enzi za walowezi. Unaijua kwa viti vya ngozi, picha nyeusi na nyeupe za wanaume wenye kofia ngumu, vichwa vya wanyama ukutani, na mara nyingine weita waliovishwa kanzu na kofia nyekundu kama watumishi wa 1930. Baada ya filamu ya Out of Africa kutoka mwaka 1985, na nyumba ya mwandishi Karen Blixen wa Denmark kufunguliwa kuwa jumba la makumbusho mwaka uliofuata, biashara hiyo ilipata nguvu. Mgeni kutoka Denmark akipenda kunywa chai katika ndoto hiyo simlaumu. Lakini mtu wa Nyansiongo akae wapi katika picha ile? Borabu yote, ambamo Nyansiongo imo, ilikuwa sehemu ya nyanda za juu za Wazungu, mashamba ya walowezi yaliyopakana na Sotik. Katika miaka ya 1960 yaligawanywa kuwa vipande na kuuzwa kwa Waafrika kupitia mpango wa makazi, na wazee wetu walilipa ule mkopo wa ardhi kidogokidogo kwa miaka mingi, kwa maziwa, kwa mahindi, kwa pareto. Ndiyo sababu wenyeji wengine wa Gusii hadi leo wakienda upande huo husema wanakwenda "skimu". Sisi tumeikalia ile enzi. Kulipia tena ili kuitazama ukutani, huku supu ikipoa, naona ni bili ya mara ya pili.

Lakini pale Tigoni, Limuru, mwendo wa chini ya saa moja kutoka katikati ya jiji barabara ikiwa wazi, kuna nyumba ya mlowezi ambayo ninaipendekeza kwa moyo wote, na ndiyo iliyonifanya niandike sura hii. Inaitwa Kiambethu. Shamba lilinunuliwa mwaka 1910, chai ikapandwa mwaka 1918, na familia ileile imekaa hapo vizazi kadhaa. Huendi bila kuagiza siku. Unafika asubuhi, unaketishwa sebuleni au barazani, unapewa chai, na mwenyeji anaeleza jinsi inavyochumwa, inavyonyaushwa, inavyokatwakatwa, inavyoachwa igeuke rangi na inavyokaushwa. Kisha unatembezwa kwenye kipande cha msitu wa asili ambamo mbega weusi na weupe wanaruka, unaonyeshwa michai iliyoachwa bila kukatwa hadi ikawa miti halisi, na mchana unaandaliwa chakula chenye mboga za bustani ya hapohapo na malai ya ng'ombe wa hapohapo.

Niliketi katikati ya wageni kutoka Uholanzi na familia moja ya Kihindi ya Parklands, nikasikiliza majani mawili na chipukizi yakielezwa kana kwamba ni habari za mwezini. Nimechuma chai tangu nikiwa sijafika urefu wa mchai wenyewe. Najua umande wa saa kumi na mbili unavyolowesha goti kupitia karatasi ya nailoni, najua foleni ya kituo cha kununulia majani na karani anayekagua kikapu kwa jicho moja. Nilitarajia kuchoka. Badala yake nilisikia mambo ambayo hakuna aliyewahi kunieleza nikiwa na kikapu mgongoni: kwamba mchai wa kwanza nchini ulipandwa Limuru mwaka 1903, kwamba serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kuulima hadi miaka ya 1950, kwamba kilo moja ya majani makavu hula zaidi ya kilo 4 za majani mabichi. KTDA, shirika la chai ambalo kiwanda chetu cha Nyansiongo ni kimoja kati ya vingi vilivyo chini yake, iliundwa mwaka 1964. Tulikuwa tumefanya kazi katika hadithi ambayo tuliijua nusu.

Upitishe ule mgahawa kwenye kipimo. Hakuna sare, hakuna muziki, picha za ukutani ni za jamaa zao. Kilichopo ni mchai, ng'ombe, msitu na mtu anayejua. Na hesabu yake inafaa kufanywa kwa sauti: kiti kimoja cha mchana pale kinagharimu zaidi ya malipo ya mwezi ya kilo 50 za majani mabichi kabla ya bonasi. Mchumaji hodari hutoka jasho siku nzima kuzifikisha kilo hizo.

Na chakula cha kwetu je? Nairobi ina migahawa inayowakilisha Ziwa Victoria: Ranalo Foods, ambao wengi huuita K'Osewe, na Mama Oliech, ambako Mark Zuckerberg alikula ugali na samaki mwaka 2016. Hakuna aliyewahi kuiita ya ajabu, na ndiyo nguvu yao, kwa kuwa wenye samaki hawakuhitaji kupamba ukuta. Gusii haina mahali pa namna hiyo penye jina linalojulikana jiji zima. Kitakachowekwa mezani kipo. Obokima, ugali wa wimbi, mweusi, mzito, unaopakuliwa kwenye ekee, kile kikapu cha kusukwa, ili usitoe jasho kama unavyotoa kwenye sahani. Chinsaga, mboga chungu ya kwetu, iliyotiwa maziwa na kuachwa ilale mpaka uchungu upungue, kwa sababu chinsaga ya siku hiyohiyo ni ya wenyeji tu. Mboga za rinagu na enderema, maziwa ya mgando. Ndizi zilizopikwa, za kwetu, si zile za malori ya Mbale. Vyombo vingetoka Tabaka, ambako jiwe la Kisii linachongwa kuwa sahani, vikombe na mabakuli yanayouzwa duniani kote ila, kwa ajabu ya Mungu, hayamo katika hoteli za Kisii zenyewe, ambako utapewa plastiki.

Lakini mimi nisingeanzia Nairobi. Ningeanzia Nyansiongo, shambani, Jumamosi. Watu wa jiji wanaopita kwenda Kisii au Migori kwa mazishi na harusi wanapitia mlangoni mwetu. Tuna mchai, ng'ombe, kiwanda kinachonukia hadi barabarani asubuhi, na bibi wasiopungua mmoja kwa kila boma wanaoweza kueleza ile skimu ilivyopatikana, nani alipewa ekari ngapi na nani alishindwa kulipa. Jioni ingekuwa na obokima kwenye ekee, na umeme ukikatika hatungeomba radhi, tungepandisha bei.

Nilimweleza shangazi yangu mpango huu tukiwa tunachuma. Hakuinua kichwa. "Hao wageni wako," akasema, "watatembea hapa kwenye matope na viatu gani?" Nikamwambia tutawakodishia gambuti. Akachuma safu nzima kabla ya kuongea tena. Kisha akauliza choo watatumia kipi, kwa sababu kile cha nyuma ya zizi mlango wake umeegemezwa tu, na mtu aliyelipa hawezi kuambiwa aimbe akiwa ndani ili wengine wajue pamekaliwa.

Fundi amesema bati sita zitatosha, na mlango wa mbao wenye komeo.